Warefu Wote Niliowasajili

Niliwahi kumpatia mtu kazi ya kudumu kwa sababu aliinama alipokuwa anapita mlangoni. Sikumwuliza jina, sikumwuliza ametoka wapi. Nilimwona anainama kwenye mlango wa hoteli ya chai pale stendi ya Dodoma, nikaacha chapati yangu mezani, nikamfuata. Huyo ndiye mchezaji wa kwanza niliyeiletea timu ya mpira wa kikapu ya kiwanda chetu. Kama ninyi vijana mnaoendesha timu siku hizi mnataka kujifunza kitu kutoka kwangu, anzieni hapo. Mtu anayeinama mlangoni ni mrefu, basi. Hakuna kingine mnachokijua juu yake.

Mliponiomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunapata wachezaji zamani, nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Mngeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunawakosa, ningeanza kuandika siku ile ile. Lakini nitajaribu, maana katika kukosa kuna mambo mengi ambayo aliyepata hayajui.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kamba za mkonge, nje kidogo ya mji wa Morogoro, njia ya Kihonda. Kilikuwa mali ya umma kama viwanda vyote wakati ule, na kila kiwanda kilikuwa na timu. Mchezaji hakulipwa kwa kucheza. Alipewa ajira. Kumsajili mtu maana yake ilikuwa kumtafutia nafasi kwenye mashine, au ghalani, au getini, na saa tisa alasiri akitoka kazini anavaa raba na kwenda uwanjani. Wale waliojua kucheza lakini hawakuwa na timu wala ajira tuliwaita wachezaji huru. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta hao.

Kwa makaratasi mimi nilikuwa tarishi. Nilipeleka barua kutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, tena kwa kibarua, si mwajiriwa. Kazi ya kutafuta wachezaji nilipewa kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nimezunguka. Nilizaliwa Tabora, nikaacha shule darasa la tano. Si kwa kukosa ada. Kulikuwa na lori lililokuwa likipita mbele ya shule kila Jumanne, na mimi nikawa sipati usingizi kwa kutaka kujua linakwenda wapi. Jumanne moja nikalipanda. Lilikuwa linakwenda Itigi kuchukua mbao. Baada ya Itigi nikataka kujua na reli inaishia wapi. Nikawa utingo, nikakata mkonge, nikapakua pamba, nikapika kwenye kambi ya wajenga barabara. Nilipofika Morogoro, katibu wa timu, mtu mmoja mnene aliyependa kuvaa suti ya Kaunda hata kwenye jua kali, aliniuliza, "Maganga, wewe umefika kila mkoa. Warefu wako wapi?"

Nikamjibu, "Warefu wako kila mahali, Katibu. Tatizo wamesambaa."

Hilo jibu ndilo lililonipa kazi.

Basi yule wa mlangoni aliitwa Selemani. Nilimleta na treni, na behewa zima likawa linamshangaa. Siku ya kwanza uwanjani Katibu alitembea kumzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha mwalimu wa timu akamrushia mpira. Ukampiga kifuani, ukaanguka. Akarushiwa tena. Selemani akauangalia ukija, akauangalia ukipita, akageuka akauangalia ukienda. "Unapita kasi," akasema kwa upole. Na magoti yake yalikuwa mabovu, hawezi kukimbia hata kwa kukwepa mvua.

Lakini ajira alikwisha pewa. Akapelekwa ghalani, na hapo ikaonekana kwamba anafika rafu ya juu bila ngazi. Alikaa ghalani mpaka anastaafu, na sikumbuki mtunza ghala mzuri kuliko yeye. Uwanjani tulimtumia kwa jambo moja. Nyavu za vikapu vyetu tulizisuka wenyewe, kwa kamba za kiwanda, na kamba zetu zilikuwa imara mno. Mpira ukiingia ulikuwa unanasa humo humo. Timu nyingine zilikuwa na mtu wa kushika ufagio wa kunasulia mpira. Sisi tulikuwa na Selemani. Refa alikuwa anapiga filimbi, Selemani anaingia taratibu, anausukuma mpira kwa vidole, watu wanampigia makofi, anatoka. Hiyo ndiyo rekodi yake yote.

Baada ya Selemani niliacha kuangalia urefu. Nikaanza kuomba barua. Nikawa nasema asiyekuwa na barua ya timu aliyotoka simtaki. Akaja mmoja kutoka Dar es Salaam na barua tatu, zote zinamsifu. Alicheza vizuri kweli. Mchezo wa nne, mgeni mmoja wa timu pinzani akamwangalia, akamwita kwa jina jingine, naye akaitika. Ilikuja kuonekana ana majina matatu kwenye timu tatu, na barua zile kila moja ilikuwa inazungumzia mtu tofauti ambaye ni yeye. Tukanyang'anywa ushindi wote aliotupatia. Jioni ile aliondoka bila kuaga, na raba za timu miguuni.

Halafu kuna yule tuliyempa jina la Bwana Goti. Zamani kama ilivyo sasa, mtu aliajiriwa kwa majaribio miezi mitatu, kisha akathibitishwa. Bwana Goti alicheza miezi mitatu kama moto. Siku alipopokea barua ya kuthibitishwa, goti likaanza kumuuma. Nilikwenda nikamkuta nyumbani kwake anapaka mafuta.

"Lini litapona?" nikamwuliza.

"Goti, kaka, halina tarehe," akaniambia. "Lakini kwenye mashine nasimama vizuri tu. Mashine hairuki."

Kazini alikuwa hodari, huwezi kumfukuza. Alikuja kuwa msimamizi wa zamu. Mpaka leo nikikutana naye anatembea mbele yangu mlima wote wa kwenda hospitali, na goti halijamuuma tena.

Nawasimulia haya ili mjue hali niliyokuwa nayo siku Afisa Utumishi aliponiita. Aliitwa Bwana Shomari, Mluguru wa mjini, mtu mtaratibu, hana kelele. Alikuwa na majalada mezani, akayagonga gonga kwa kidole moja baada ya lingine.

"Huyu yuko ghalani. Huyu ni msimamizi. Huyu hatujui yuko wapi wala anaitwa nani. Maganga, wewe unaniajiria kiwanda kizima, isipokuwa timu."

"Nimejifunza, mzee."

"Nami nimejifunza. Makao makuu wametupa nafasi moja ya mchezaji, na ndiyo ya mwisho. Mtu akija, anafanya miezi yake ya majaribio. Mwisho wake napeleka jina. Nisipopeleka jina, nafasi inafutwa, timu haipewi tena nafasi, na mimi sitakuwa na sababu ya kuendelea kukupa kibarua. Akikaa, wewe nitakuombea ajira. Tumeelewana?"

Tulielewana. Vijana, hamwezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Wakati ule mtu aliyeonekana mjini hana kazi alikuwa anaulizwa kitambulisho barabarani, na asipokuwa nacho anapandishwa gari na kupelekwa kijijini kulima. Mimi jembe silikatai. Nililoogopa ni kupangiwa mahali. Maisha yangu yote nilikuwa nahama kwa kupenda mwenyewe, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na mahali nilipopenda kurudi jioni: chumba kimoja Mwembesongo, na mke ndani yake, Mwajuma, ambaye nilikuwa nimemwoa baada ya mfungo uliopita. Nilimwahidi kwamba safari zimekwisha. Hakuniamini, lakini alininunulia kigoda cha kukalia mlangoni, kama mtu anayemwekea kuku kiota ili azoee.

Kwa hiyo nikabadilisha utaratibu tena. Safari hii sikutafuta urefu wala barua. Nilitafuta mikono. Kila nilipopita nilikuwa na machungwa mfukoni, na mtu akinivutia namrushia bila kumwambia. Jaribuni. Mtu huwezi kumjua kwa anavyorusha, kwa sababu kurusha anajiandaa. Mjue kwa anavyopokea kitu ambacho hakukitarajia. Nilirusha machungwa mengi Morogoro ile. Wengine waliyakwepa, wengine walinitukana, mama mmoja alilidaka, akalimenya, akala.

Kijana niliyempata, Kosmas, sikuanza kwa kumrushia chungwa. Nilimkuta tayari anadaka. Ilikuwa sokoni asubuhi, lori la mboga limeshuka kutoka Mgeta, mwenzake yuko juu anarusha kabichi, yeye yuko chini. Alikuwa anazidaka kwa mkono mmoja na kuzipanga, huku uso wake uko upande mwingine kabisa, anabishana na mwanamke aliyeweka tenga lake la nyanya njiani. Hakuangalia hata kabichi moja. Nikatoa chungwa, nikamrushia kwa nyuma. Akaligeukia likiwa tayari mkononi.

"La nani hili?"

"Langu."

"Sasa mbona unanitupia?"

"Nataka kujua ulijifunza wapi kudaka."

Akanitazama kutoka juu, maana na urefu alikuwa nao, basi tu sikuwa nimeutafuta. "Seminari," akasema. "Mapadre walikuwa na kikapu. Tulicheza kila jioni miaka miwili."

"Ukaachia wapi?"

"Kikapu sikukiacha. Kilatini ndicho kilichoniacha mimi."

Hakuwa na timu. Hakuwa na ajira. Alikuwa analima na kushusha mboga. Nilimweleza habari za kiwanda, akasikiliza huku anapanga kabichi zake, kisha akasema, "Kuja sikatai, kaka. Lakini lazima upande nyumbani ukaniombe kwa wazee."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shimo, na mimi nikaona ni barabara. Kwetu Tabora mtoto ni wa baba. Ukitaka kijana, unamwona baba yake. Niliposikia "wazee" nikasikia "baba."

Nilipanga foleni siku mbili kupata kilo mbili za sukari. Nikanunua na mche wa sabuni. Nikapanda lori mpaka barabara ilipokomea, kisha nikapanda kwa miguu, na milima ile ya Uluguru haina huruma na mtu aliyekulia Tabora. Unapanda, unadhani umefika, kumbe umefika mahali pa kuonea unakokwenda. Matuta ya mboga yamekatwa ubavuni mwa mlima moja juu ya lingine, na watu wanalima wamesimama mahali ambapo mimi ningefungwa kamba.

Nyumbani kwa kina Kosmas alinipokea baba yake, Mzee Pius, mtu mchangamfu. Tukakaa. Nikaweka sukari na sabuni mezani, nikaeleza kila kitu: kazi, nyumba ya kiwanda, matibabu, timu. Kando ya ukuta alikuwa amekaa mzee mwingine, mwembamba, ananoa jembe kwa jiwe. Nilimwamkia nilipoingia, akaitika, nikamhesabu kuwa ni jirani.

"Mimi sina neno," Mzee Pius akasema.

"Ahsante sana, mzee."

"Mimi, kwa upande wangu, sina neno," akarudia, na akatupa jicho upande wa ukuta. Mimi nilikuwa nakunja karatasi yangu kwa furaha. Nimekwisha kubaliwa, bado naangalia kuta za nini?

Wakati wa kuondoka nikapewa zawadi: mzigo wa viazi na njegere, mzito. Mimi pumzi ilikuwa haijarudi tangu nilipopanda. Nikamgeukia yule mzee wa jembe. "Mzee wangu, kama hutajali, ungenisaidia mzigo huu mpaka barabarani." Mama Kosmas, aliyekuwa mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Nilidhani anacheka uchovu wangu. Mzee akainuka, akajitwika, akatangulia.

Tulitembea saa nzima. Ninyi mnanijua, kuuliza ni ugonjwa wangu. Nilimwuliza kwa nini kabichi za juu ni ngumu kuliko za bondeni. Nilimwuliza maji yanazuiwaje yasibomoe matuta. Nilimwuliza kwa nini njegere zinapandwa zikielekea upande ule na si huu. Alinijibu yote vizuri, na kichwani ana viazi vyangu. Nilimwuliza kila kitu duniani isipokuwa yeye ni nani.

Tulipofika kwenye lori akatua mzigo. "Umemaliza yote uliyokuja kuuliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya," akasema, akarudi zake mlimani.

Kosmas akaja wiki iliyofuata na sanduku lake la mbao. Sitaki kuwachosha na habari za michezo, mtu akisimulia mpira alioucheza mwingine anachosha. Nitasema tu kwamba uwanja wetu ulikuwa pale pa kupakilia mizigo, saruji yenye mteremko upande mmoja, na wageni wote walianguka hapo. Kosmas hakuanguka. Miguu yake ilikuwa imezoea mlima, aliona mteremko ule ni tambarare. Tukashinda mchezo, tukashinda mwingine, tukajikuta kwenye fainali ya viwanda, itakayochezwa Jumamosi, uwanja wetu wenyewe. Miezi yake ya majaribio ilikuwa inaisha wiki ile inayofuata. Mwajuma alianza kuongea habari za kununua kitanda cha chuma. Kitanda cha chuma, vijana, hubebi begani.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, mlinzi wa getini akaja ofisini kwa Katibu na mimi nipo. "Kuna mzee nje. Anamtaka Kosmas. Anasema ni mjomba wake, amekuja kumchukua."

Katibu akaacha kalamu. "Mjomba? Si baba alikubali?"

"Alikubali mbele yangu," nikasema. "Mara mbili."

"Basi mjomba ni nani? Maganga, nenda kamwambie kijana amepelekwa Turiani na gari la kiwanda, atarudi Jumapili. Mpeleke hotelini akanywe chai, apande lori arudi. Jumapili aje amchukue akitaka, fainali imekwisha, na jina tutalipeleka wiki ijayo."

Ulikuwa uongo mwepesi, na Turiani ni mbali kiasi cha kutosha. Nilitembea toka ofisini mpaka getini naurudia mdomoni. Ametumwa Turiani, atarudi Jumapili. Ametumwa Turiani.

Kwenye benchi la mlinzi alikuwa amekaa yule mzee mwembamba wa jembe.

Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vipi, mzigo wako ulifika salama?"

Kama ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Nilikaa kwenye benchi kando yake.

"Ulifika, mzee."

"Nilitaka kujua, maana nilishangaa sana siku ile. Miaka yote nimesikia Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani. Mimi ndiye Mluguru wa kwanza kubebeshwa na Mnyamwezi. Nimewaeleza wenzangu, hawaniamini."

Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunisema, nami kwa kawaida ningemjibu. Mlinzi alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtetemeka.

"Mimi naitwa Fidelis," mzee akaendelea. "Mama yake Kosmas ni dada yangu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mashamba ni ya upande wa mama. Pius ni shemeji yangu mzuri, analima hapo kwa sababu tumempa. Alikwambia hana neno, na kweli hana. Neno ninalo mimi."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ulikuwa unauliza habari za njegere."

Akaniambia kilichomleta, bila hasira. Kijiji kilikuwa kinapima mashamba upya. Jumamosi kamati inapita matuta yake, na shamba lisilo na mtu wa kulilima litagawiwa mwingine. Yeye mgongo umekwisha, hana mtoto wa dada mwingine wa kiume. Kamati ikimkuta Kosmas amesimama shambani na jembe, wanaandika jina lake, naye atabaki kulima. Wakimkosa, wanaandika jina la mtu mwingine, na matuta aliyoyakata babu yao yanakwenda.

"Jumamosi tu, mzee? Haiwezi kuwa Jumapili?"

"Ungekuja kwangu ukaniuliza, tungepanga. Ningekwambia mapema kwamba mchukue mpaka siku ya upimaji, kisha namrudisha shambani. Lakini sikuulizwa, na siku haikungoja." Akanitazama. "Yupo ndani?"

Na hapo, vijana wangu, ule uongo ulikuwa mdomoni, umekwisha tafunwa, umebaki kutemwa. Niliona kitambulisho changu kinaniponyoka. Nilimwona Mwajuma na kigoda chake. Nikaona pia kichwa cha yule mzee, mvi zimelala upande mmoja mahali ambapo mizigo imekaa miaka na miaka, na siku moja katika hiyo miaka mzigo ulikuwa wangu.

"Yupo ndani," nikasema. "Nakuitia."

Sijui niwaelezeje. Nilipolisema tu, nilipumua. Nadhani tangu nilipochukua kazi ile ya kutafuta watu nilikuwa sijapumua mpaka chini. Nilijua nimejikatishia kibarua mwenyewe, na bado nilitembea kwenda kwenye mashine kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Kosmas alipomwona mjomba wake aliinama, akamwamkia, akasikiliza. Kisha akanigeukia, ameshangaa kweli. "Kaka, hukumwomba? Mimi nilijua mlizungumza njiani. Mlitembea pamoja saa nzima."

"Tulizungumza," mjomba akasema. "Anajua sasa kulima kabichi."

Alikwenda kuchukua sanduku lake. Lilikuwa la mbao za mninga, zito kama kinu. Sikumruhusu alibebe, wala mjomba wake. Nililijitwika mwenyewe kutoka njia ya Kihonda mpaka sokoni kwenye malori, na jua la saa saba juu yake. Mzee Fidelis alitembea nyuma yangu mikono mitupu, kwa raha zake, na kila baada ya hatua chache nilimsikia anasema, "Naam. Sasa ndiyo namwona Mnyamwezi."

Jumamosi tulifungwa. Tulifungwa vibaya, mpaka wageni wakaanza kutuonea aibu. Aliyefurahisha watu ni Selemani peke yake, alipoingia kunasua mpira mara tatu. Suti ya Katibu ililowa jasho yote.

Jumatatu niliitwa na Bwana Shomari. Nilivaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuzikwa kwa heshima. Jalada la Kosmas lilikuwa wazi mezani.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza kila kitu, na uongo wa Turiani pia. Nilipofika mahali nilipomwomba baba, alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Ulimwomba baba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mluguru? Ukamwomba baba?" Akavua miwani. "Maganga, hiyo ni sawa na kumwomba dereva akuuzie basi. Na mjomba ukamfanya nini?"

"Nilimbebesha viazi."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Bwana Shomari akicheka. Alicheka bila sauti, machozi yanatoka, karani akachungulia mlangoni akaondoka. Alipomaliza alijifuta, akavaa miwani, akalivuta lile jalada karibu.

"Ulipokuwa getini ungeweza kusema yuko Turiani."

"Ningeweza."

"Mzee angeondoka, shamba lingekwenda, na wiki hii mimi ningepeleka jina." Akachukua kalamu. "Jina linatakiwa kesho. Nafasi hii nimeihangaikia mwaka mzima, siirudishi tupu. Nimechoka na warefu. Wewe una mikono miwili?"

"Ninayo, mzee."

Akapiga mstari juu ya jina la Kosmas, na juu yake akaandika langu. Aliandika taratibu, na mimi nilisoma kinyumenyume kutoka upande wangu wa meza, herufi moja moja, mpaka ikatimia. Sikupiga kelele wala sikushukuru vizuri. Nilimwomba maji ya kunywa.

Mwajuma nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda. Nikamwambia, "Nunua kitanda." Akanitazama usoni, akaingia ndani kuvaa khanga ya kutokea, kabla sijabadili mawazo.

Kwa hiyo mkiniuliza rekodi yetu ya kusajili wachezaji huru, ndiyo hiyo. Kosmas aliandikiwa matuta yake, na kila siku ya soko tulikutana, akinirushia kabichi nami nikiikosa. Mimi nilipelekwa ghalani na Selemani. Yeye alishika rafu za juu, mimi za chini, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuna aliyetafuta ngazi. Mtu asiyetulia mahali miezi sita alikaa kiwandani muda mrefu kuliko wachezaji wote aliowahi kuwaleta.

Siku ya kustaafu kwangu, karani msichana alikuwa anasoma jalada langu ili ajaze fomu za mafao. Akasita. Akaniangalia kuanzia kichwani kwenda miguuni, ambako si mbali. Bwana Shomari siku ile alikata jina tu. Penye kazi niliyoajiriwa kufanya, pameandikwa mpaka leo: mchezaji wa mpira wa kikapu.

"Mzee," akasema kwa adabu, "ulikuwa unacheza nafasi gani?"

"Benchi, binti yangu," nikamwambia. "Lakini sikukosa siku hata moja."